Nyuzi za Jicho

Dorah Nyaboke alisoma herufi zote za mstari wa tano bila kukosea hata moja, na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia.

Hiyo ilikuwa katika zahanati moja mjini Migori, miezi minane baada ya jicho lake la kulia kupandikizwa kioo kipya huko Nairobi. Kioo chake mwenyewe, ile ngozi angavu ya mbele ambayo madaktari huiita konea, kilikuwa kimechanwa na jani la muwa, kikaingia ukungu, na kilipopona kikabaki na baka jeupe kama kucha. Jicho la kushoto halikuwa la kutegemewa. Tangu utotoni lilimwonyesha rangi na vivuli tu. La kulia ndilo lililokuwa jicho, na kila baada ya miezi miwili alipaswa kwenda kupimwa.

"Vizuri sana," mhudumu alisema huku akiandika. "Mstari wa tano. Wengi waliofanyiwa hiyo operesheni hawafiki hapo."

"Lakini kila herufi iko na ingine nyuma yake," Dorah alisema. "Ndio maana nilikuwa nainamisha kichwa. Nikiinama hivi, ile ya nyuma inasonga kidogo, naweza kusoma."

"Ziko mbili mbili?"

"Eeh. Na taa inakuwa na mkia."

Mhudumu alimtazama, kisha akaitazama foleni iliyofika hadi kwenye ngazi. "Mama, kama zingekuwa mbili ungezisomaje? Umesoma zote. Jicho ni safi, halina doa. Hayo mengine ni wasiwasi. Utazoea tu."

Akaandika kwenye kitabu cha kliniki kwa herufi kubwa: ANAONA VIZURI. Caleb, mume wa Dorah, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, alikipokea kile kitabu na kuyasoma maneno hayo polepole. Kisha akatabasamu kama mtu aliyetuliwa gunia begani.

Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa tabasamu hilo. Caleb aliendesha trekta la kuvuta trela za miwa hadi kiwandani Awendo, na kwa karibu miaka miwili alikuwa akirudi nyumbani na masizi ya miwa iliyochomwa, ananawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, halafu anamwekea mkewe dawa ya jicho tone kwa tone. Alijifunza kupika. Alijifunza hata kubishana na wauza mboga. Siku ile, walipokuwa wakitoka nje ya zahanati, alimwambia Dorah, "Sasa hata cherehani nitaitoa ile gunia niliyofunika," na Dorah hakupata moyo wa kumwambia kwamba alikuwa akimwona akiwa na pua mbili.

* * *

Kazi ya kwanza ililetwa na Jerusha, kiongozi wa kwaya ya akina mama katika kanisa lao la Sabato. Makambi, ile mikutano ya Wasabato ya kila mwaka, yalikuwa yamekaribia, na kwaya ilitaka sketi ishirini na mbili za rangi ya samawati. Jerusha alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kupanga watu. Aliuweka mzigo wa kitambaa mezani kwa Dorah, akasema, "Tumesikia umepona. Tumeona tusiende kwa mtu mwingine."

Dorah alikata. Mstari wa chaki aliouchora mara moja ulimtokea mara mbili, mmoja mweupe kabisa na mwingine umefifia, umbali wa nusu kidole. Alichagua ule mweupe. Lakini akisogeza kichwa, ule uliofifia ndio uliong'aa, na alipofika mwisho wa kitambaa hakujua tena alikuwa ameufuata upi. Kutunga uzi kwenye sindano kulimchukua muda wa kupika chai. Alishona sketi nane kwa kupapasa, kwa ule ujuzi uliokaa kwenye vidole.

Jumamosi, baada ya ibada, akina mama walizijaribu katika chumba cha nyuma cha kanisa. Upindo wa sketi ya kwanza ulipanda upande mmoja kama mtu aliyeinua bega. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo, ila upande wa pili. Jerusha alishika pindo, akalivuta, akaliachia.

"Dada Dorah, hii imeshonwa na nani?"

"Na mimi."

"Ukiwa umefunga macho?"

Wanawake wakacheka. Kisha wakakumbuka, wote kwa pamoja, na kicheko kikakatika. Dorah angeweza kukivumilia kile kicheko. Kule kukatika ndiko kulikomfanya akunje sketi zote nane, moja moja, bila kumtazama mtu. Jerusha hakuwa mtu mbaya. Alimshika mkono, akamwambia apumzike. Lakini kesho yake alikuja kukichukua kitambaa kilichobaki, akakitia ndani ya gunia, akakipeleka kwa fundi mwingine huko Rongo.

Jioni hiyo Caleb alikaa kwenye kiti chake na kitabu cha kliniki magotini.

"Hapa imeandikwa unaona."

"Kitabu hakishoni nguo, Caleb."

"Mimi sisemi kinashona. Nasema mtu wa kazi hiyo ndiye amekupima, na mimi nilikuwa pale. Ulisoma yote." Alikifunga kitabu. "Mtu akikaa nyumbani miaka miwili, mwili unazoea. Sio kosa. Lakini useme tu."

"Unasema mimi ni mvivu."

"Nasema kile nimesoma."

Dorah aliinuka, akaenda kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

* * *

Aliyemwamini alikuwa mmoja tu, na imani yake ilikuwa mbaya kuliko kutoaminiwa. Mama mkwe wake, Zilpah, aliishi ng'ambo ya barabara ya trekta, katika boma la zamani la familia. Dorah alikuwa Mkisii aliyeolewa Ujaluoni, na tangu siku ya kwanza yule mama hakuwahi kumwita jina lake. Alimwita nyar Kisii, binti wa Kisii, wakati mwingine kwa upendo na wakati mwingine bila. Wao wawili walikutana katika Kiswahili, na Kiswahili cha Zilpah kilikuwa cha sokoni.

"Nyar Kisii, mimi nilisema kutoka mwanzo," alimwambia, akichambua mchicha kwa vidole. "Hiyo jicho iko na mwenyewe. Wewe unaangalia kitu, na yeye pia anaangalia. Ndio maana mnaona mbili."

"Mama, ni kioo tu. Alitoa ili mtu mwingine aone."

"Alitoa yeye, ama watu wake walitoa? Mtu alikufa hawezi kutoa kitu." Zilpah alitupa shina. "Mimi sikugombanishi. Lakini mtu akikuazima jembe yake, mkono yake inabaki kwa mpini."

Dorah alikuwa Msabato. Aliamini wafu hawajui neno lolote. Siku ya operesheni aliiombea familia ile asiyoijua. Huko Nairobi walimwambia tu kwamba kuna mtu aliyefariki na jamaa zake wakakubali. Hakujua kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Lakini mchana ule, akiwa peke yake, aliziba jicho la kushoto kwa kiganja na kulitazama jani la mgomba nje ya dirisha. Akaona jani, na jani la pili juu yake, jepesi, likiwa limepinda upande mwingine. Akajikuta ameuliza kwa sauti ya chini, "Unataka kuona nini?" Kisha akaona haya, akarudi jikoni.

* * *

Jumanne aliamka akihisi kama ana mchanga ndani ya jicho. Alipolifungua, machozi yalimwagika yenyewe, na mwanga wa mlangoni ukamchoma kama pilipili.

Katika ile karatasi aliyopewa Nairobi kulikuwa na mambo manne ambayo alikuwa amekaririshwa kabla ya kuruhusiwa kutoka: jicho kuwa jekundu, kuuma, kuogopa mwanga, na kuona kufifia. Likitokea lolote kati ya hayo, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda mwili umeanza kuikataa konea ngeni. Dorah alikuwa na yote manne. Hakumwambia mtu. Alijifunga kitambaa cha kichwa hadi karibu na nyusi, akapika, akafua, akafagia, na kila alipokaribia kusema, aliyaona yale maneno mawili ya kitabuni. Angesema nini? Kwamba jicho linaloona vizuri limeoza?

Jumatano saa kumi Caleb alirudi mapema kutoka kiwandani. Akamkuta ameketi chumbani, ametundika leso dirishani.

"Mbona giza?"

"Mwanga unaniuma."

Caleb alimkaribia, akamwinua kidevu kwa vidole viwili. Weupe wa jicho ulikuwa umegeuka rangi ya nyama. Alilitazama muda mrefu.

"Tangu lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana." Alikaa kitandani kando yake. "Na hukuniambia."

"Ungesoma kitabu."

Caleb aliinuka. Alitoka nje na simu, na kupitia ukuta wa mabati Dorah alimsikia akipiga ile namba ya Nairobi, akisubiri, akijieleza, akirudia jina la dawa. Kisha akampigia mwenye trekta. Sauti ya mwenye trekta ilisikika hadi ndani. Miwa ilikuwa imeshakatwa, haingengoja.

"Basi mpe mtu mwingine," Caleb alisema, na akakata simu.

Aliporudi alisema tu, "Kuna daktari wa konea anakuja Homa Bay kila Alhamisi. Wamesema tufike kabla ya saa tatu. Wamesema tusikose."

* * *

Kliniki ya macho ilikuwa jengo dogo la misheni kwenye mteremko, na kutoka benchi la nje ungeweza kuliona ziwa na kusikia harufu ya samaki wanaokaangwa chini sokoni. Dorah hakutazama ziwa. Aliketi akiwa amejifunika uso kwa leso, na ndani ya kichwa chake alikuwa ameshalipoteza jicho. Alikuwa anapanga jinsi ya kuishi: atakavyohesabu hatua kutoka mlangoni hadi jikoni, atakavyojua viazi vimeiva.

Muuguzi aliyemwita alikuwa mwanamke mnene, mpole, ambaye kila mtu alimwita Sista Emmaculate. Alimketisha mbele ya ubao wa herufi, akamfunika jicho la kushoto.

"Soma, mama."

Dorah aliinamisha kichwa begani, kama kawaida yake.

"Hapana. Kaa wima. Usinisomee vile unajua iko. Nisomee vile unaona, hata kama unaona vituko."

Dorah alinyoosha shingo. Kisha akasema, "Naona E. Halafu kuna E ingine imepanda juu yake kwa upande, kama imeibeba mgongoni. Hiyo ya pili haina nguvu. Huku chini zimekuwa kama nyasi."

Sista Emmaculate aliandika. Hakuandika neno moja, aliandika sentensi nzima, akauliza, "Ile ya pili iko upande gani, juu kulia ama juu kushoto?" akaandika na hilo pia. Caleb alisimama nyuma akiitazama ile kalamu.

"Sasa shika hii." Alimpa kipande cha plastiki nyeusi chenye tundu dogo, dogo kama la sindano ya kushonea magunia. "Angalia kupitia hapo."

Dorah alikiweka mbele ya jicho lililokuwa likichuruzika machozi. E ikasimama peke yake. Akashuka mstari, akashuka mwingine. Alisoma mstari wa tano akiwa ameketi wima, akasoma wa sita, na wa saba akakosea herufi mbili tu. Hakupiga kelele. Aliondoa kile kibao, akatazama. Zile nyasi zikarudi. Akakirudisha, herufi zikarudi.

"Sista," alisema taratibu, "hii ni dawa?"

"Sio dawa. Inaniambia tu kwamba shida yako haiko ndani. Ndani kuko sawa. Shida iko huku mbele, kwa ngozi ya kioo." Akamgeukia Caleb. "Bwana, mke wako anaona mbili. Ni kweli kabisa."

Caleb aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa kitu mahakamani.

* * *

Daktari Wangwe alikuwa Mkuria mrefu wa maneno machache. Alimwekea Dorah tone la ganzi, kisha tone la rangi ya machungwa, akamwambia aweke kidevu kwenye chombo na atazame mbele. Taa ya buluu ikaingia. Daktari alitazama kimya kwa muda ambao Dorah alihesabu pumzi zake mwenyewe hadi ishirini na sita.

"Limekataa?" akauliza, kwa sababu hakuweza kungoja zaidi.

"Halijakataa."

"Halijakataa?"

"Konea iko safi. Haijavimba, hakuna mstari wa kukataa. Tulia mama, kidevu kimetoka mahali pake."

Lakini kidevu hakikuweza kutulia, na daktari akasubiri. Caleb aligeukia ukuta, akajifanya anasoma tangazo la kunawa uso.

Kisha Daktari Wangwe alichukua kibao cha duara, kipana kama mfuniko wa sufuria, kilichochorwa miviringo myeusi na myeupe, mmoja ndani ya mwingine, na chenye tundu katikati. Alimkalisha Dorah akiwa ameelekeza mgongo dirishani, akakishika kibao karibu na uso wake, akachungulia.

"Bwana, njoo uone."

Caleb alisita. "Mimi sijui hizo vitu."

"Huhitaji kujua. Tazama kupitia tundu. Hii miviringo itaonekana juu ya jicho lake, kama kwenye kioo. Niambie ina umbo gani."

Caleb aliinama. Uso wa mkewe ulikuwa karibu sana, umelowa. Na pale juu ya jicho, midogo na mikali, aliiona ile miviringo. Haikuwa miviringo. Iliyokuwa katikati ilikuwa imevutwa upande mmoja kama yai, iliyofuata ilikuwa imebanana huku na kuachana kule, na upande wa chini mistari ilitetemeka na kukatika katika, kama maji ya karai ambalo mtu amelipiga teke.

"Imepinda," alisema.

"Sasa tazama ya Sista."

Sista Emmaculate aliketi mahali pa Dorah, akafungua jicho lake. Caleb alitazama. Miviringo ilikaa mmoja ndani ya mwingine, sawasawa, myembamba, imetulia. Akaitazama sana. Halafu akamwomba Sista ainuke, akamrudisha Dorah, akatazama tena lile jicho la mke wake, kama mtu aliyetumaini kwamba ameona vibaya. Lilikuwa vilevile.

"Yeye anaona dunia yote kupitia hapo?" akauliza.

"Kila kitu. Kila siku."

Caleb alikiweka kibao juu ya meza kwa uangalifu, kama kilikuwa cha udongo.

Daktari akavuta kigoda, akaeleza akimtazama Dorah. Konea ile ilikuwa imeshonwa kwa nyuzi kumi na sita, nyembamba kuliko unywele, kuizunguka pande zote. Uzi mmoja ulikuwa umekatika, na ncha yake ndiyo iliyokuwa ikimchoma ndani ya kope na kuleta wekundu. Ungeachwa wiki moja, vijidudu vingepanda kupitia hapo na kuua kazi yote. Nyingine mbili zilikuwa zimekaza kuliko zote. "Hizo zinavuta upande huu, kwa hiyo konea badala ya kukaa mviringo, ina—"

"Inakunjana," Dorah alisema.

"Ndiyo."

"Ni tensheni, ule mkazo wa uzi. Ukikaza tensheni ya cherehani sana, mshono unavuta. Kitambaa kinaweza kuwa kizuri kabisa na bado kikakunjana. Huwezi kukipiga pasi kikanyooka. Lazima ufumue."

Daktari Wangwe alimtazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu. "Miaka kumi na mbili nawaeleza wagonjwa kitu hiki. Leo nimeelezwa mimi."

"Na hapa chini penye mistari ilikatika?" Caleb aliuliza.

"Hapo uso wa konea umekauka, mama. Bado haujapata hisia, kwa hiyo hupepesi vya kutosha. Moshi wa jikoni unazidisha. Nitakupa machozi ya chupa, utaweka mara nyingi. Ile dawa ya Nairobi usiiache hata siku moja."

Dorah alitazama mikono yake. "Daktari, mwenye hili jicho. Yule alikufa. Hawezi kuwa anaangalia pia?"

Daktari hakucheka. Alikuwa amekulia karibu na mpaka, miongoni mwa wazee waliowamwagia wafu maziwa kabla ya kula.

"Mama, yule alikuachia kioo tu. Kuona unaona wewe. Kama angekuwa anaona yeye, ningeshindwa kukurekebisha kwa kutoa uzi."

* * *

Nyuzi tatu zilitolewa dakika hizo hizo, ule uliokatika na zile mbili zilizokaza. Dorah alihisi kitu kama unywele unaovutwa kutoka kwenye sweta, basi. Wekundu haukuondoka siku ile, na herufi hazikunyooka kwa muujiza. Daktari alimwonya kwamba konea hutulia polepole, na kwamba arudi baada ya wiki nne. Lakini walipotoka nje, Dorah aliondoa leso usoni.

Waliketi ukutani kusubiri dawa. Caleb alikuwa amenunua ndizi, akamenya moja, akampa.

"Nilikuita mvivu," alisema.

"Hukusema mvivu. Ulisema mwili umezoea."

"Ni kitu moja."

"Ni kitu moja," Dorah alikubali, akala ndizi.

Caleb aligeuza kofia mikononi. "Mimi nilitaka sana iwe imeisha. Nilipoona ile maandishi, nikasema, imeisha. Sasa wewe kila ukiniambia haijaisha, nasikia kama unanirudisha nyuma." Aliiweka kofia gotini. "Leo nimeona. Ile mistari nimeiona na macho yangu."

"Ungeniamini bila kuona ingekuwa vizuri zaidi."

"Najua."

Hakumwambia kwamba amesamehe. Alimega nusu ya ndizi iliyobaki, akampa, na Caleb akaipokea.

Wiki nne baadaye walirudi. Sista Emmaculate alimkalisha wima mbele ya ubao, na Dorah akashuka mistari mmoja baada ya mwingine bila kile kibao chenye tundu, akasimama kwenye wa sita. Ile herufi ya pili bado ilikuwapo, lakini ilikuwa imejishikiza sana kwenye ya kwanza, kama bitana iliyochungulia kidogo tu kwenye ukingo wa nguo. Miwani waliyomjaribishia ikaifuta karibu yote. Daktari Wangwe alitazama kwa kile kibao cha miviringo, akamwita Caleb bila kuombwa. Miviringo haikuwa kama ya Sista; pengine isingekuwa kamwe. Lakini ilikuwa miviringo.

"Kuna nyuzi kumi na tatu bado," daktari alisema. "Tutaendelea kuzitazama. Hatuna haraka."

"Fundi mzuri hana haraka," Dorah alisema.

* * *

Jumapili iliyofuata, mchana, Zilpah alivuka barabara ya trekta akiwa na kuku mkononi. Caleb hakuwapo. Alimweka kuku chini, amefungwa miguu, akakaa karibu na cherehani ambapo Dorah alikuwa akishona mkoba wa shule.

"Caleb amenieleza maneno ya uzi," alisema. "Ati ni uzi ilikuwa inavuta."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikasema ni mtu alikufa."

"Ulisema."

"Hm." Zilpah alimtazama kuku. "Hiyo kibao ya maduara, inapima mtu mzee pia? Ama ni ya watu wa operesheni peke yake?"

Dorah aliondoa mguu kwenye cherehani. "Wanapima kila mtu. Kwa nini, mama?"

"Nauliza tu."

Dorah alisogeza kiti karibu. Mwanga wa mlangoni ulikuwa unamwangukia yule mama usoni, na Dorah, kwa jicho lake la kulia na miwani yake mipya, aliona kitu ambacho mwezi mmoja uliopita asingeweza kukiona: katikati ya mboni ya mama mkwe wake kulikuwa na weupe, mzito, kama povu la uji. Jicho la pili lilikuwa hivyo pia, ila kidogo.

"Mama, hapa kuna vidole vingapi?"

"Unanifanyia kama daktari?"

"Vingapi?"

Zilpah alikaza macho kuelekea mkono wa Dorah ulioinuliwa. Kuku alijipigapiga sakafuni, akatulia.

"Sijui," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo Dorah hakuwahi kuisikia kwake. "Kutoka mwaka jana sijui. Mboga nachambua na vidole. Hii barabara nikivuka, nasikiliza trekta kwanza." Akajifuta pua kwa ncha ya leso. "Vile walisema jicho yako imerudi na bado unalia, mimi nikaogopa. Nikasema, kama ya msichana inashindikana, yangu wataitoa tu."

"Hii yako si kama yangu, mama. Hii naijua, ni mtoto wa jicho, nimeiona kwa wengi pale kwenye benchi. Wanaitoa asubuhi, jioni unarudi nyumbani."

"Na hawaweki ya mtu mwingine?"

"Hawaweki konea ya mtu. Wanaweka kioo kidogo cha kutengenezwa."

Zilpah alifikiri juu ya hilo. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya goti, na Dorah akauchukua.

"Alhamisi tutaenda Homa Bay," Dorah alisema.

"Dorah," yule mama alisema, na Dorah akageuka, kwa sababu hakuwahi kulisikia jina lake mdomoni mwake. "Usimwambie Caleb."

"Caleb ndiye atatupeleka."

"Basi mwambie kesho," Zilpah alisema, akiinuka na kujikung'uta sketi. "Leo nataka kurudi nyumbani kwanza, nikiwa bado mama yake, sio mgonjwa wake."

Dorah alimshika kiwiko, wakatoka pamoja. Ukingoni mwa barabara yule mama alisimama kusikiliza, kama alivyozoea. Dorah alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Hakuna kitu," alimwambia. "Twende."

Wakavuka.